Mlango wa Gereji Niliouziba Vizuri Mno

Mwanangu Atu,

Mama yako ameshakuambia yote ya kuambiwa mtu anayesafiri. Sweta ziwe juu ya begi, simu usiishike karibu na dirisha la basi, shangazi yako wa Uyole umsalimie kabla hujafungua mzigo. Mimi hapo sina la kuongeza. Mama yako akishasema, sisi wengine tunabaki kuitikia tu, unamjua.

Nimekuja kukaa huku gerejini, juu ya gunia la mahindi. Mlango nimeuacha wazi na jua la jioni limeingia mpaka miguuni kwangu. Wewe uko uani unaanua nguo. Nakusikia ukimwambia Tumpe aache kuvuta kamba. Kesho asubuhi hutakuwepo, na mimi nina jambo ambalo nimeshindwa kukuambia uso kwa uso tangu ukiwa kidato cha pili. Nimeona niliandike, nilisukume ndani ya begi lako, ulisome ukishafika Igawa, wauza mahindi ya kuchemsha wakigonga dirisha na mimi nikiwa mbali. Ndiyo, nimepanga hivyo. Baba yako ni jasiri wa kupambana na panya tu.

Nianze na Jumapili tulipokwenda kukiona chumba chako cha kupanga huko Uyole. Unakumbuka yule mama mwenye nyumba alivyosimama mlangoni na mwavuli wake, akatuonyesha uwazi chini ya mlango bila hata aibu. Ngumi ya mtoto inapita pale. Akasema, "Panya wa huku hawana adabu, binti. Wenzako huwa wanaweka tambara." Wewe ukacheka, ukamwambia, "Baba yangu ndiye fundi wa mambo hayo. Iringa panya wanamjua kwa jina." Nikavimba kichwa, nakubali. Nikatoa futi yangu nikachuchumaa kupima.

Nikiwa chini pale ukainama karibu na sikio langu, ukasema polepole ili yule mama asisikie, "Nizibie tu, Baba, usiogope. Jiko halitaingia humu. Kosa langu lilishanifunza."

Ukaniona nimekaa chini muda mrefu ukadhani ni magoti. Hata ukanipa mkono niinuke. Atu, hayakuwa magoti. Nilishindwa kukutazama.

Sasa ngoja nikueleze vizuri, maana mengine ulikuwa mdogo na mengine hukuambiwa.

Gereji hii niliijenga kabla sijamaliza hata jiko la mama yako, na hilo hajanisamehe. Nimeendesha malori ya watu maisha yangu yote, Dar mpaka Tunduma, nikajiapiza kwamba siku moja nitalaza gari langu mwenyewe ndani ya nyumba yangu. Gari halikuja. Kihesa nzima wakanipa jina, Mzee wa Gereji, mpaka watoto wa shule wakawa wananiamkia hivyo. Badala ya gari yakaingia mahindi ya shamba letu la Kilolo, majembe, baiskeli mbovu, na mwisho ukaingia wewe na meza yako, kwa sababu sebuleni kulikuwa na redio, Tumpe, na wanakwaya wa mama yako.

Mlango ulikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza. Fundi alimwaga sakafu kwa mteremko, maji ya mvua yasituame. Mchomeleaji akatengeneza mlango wa bati nene, mabawa mawili, umenyooka sawasawa. Sakafu imeinama, mlango umenyooka, kwa hiyo upande huu ukagusa chini na upande ule ukaacha uwazi wa kupitisha kiatu. Kila fundi akamlaumu mwenzake, na mimi nikawaambia haina shida, nitaumaliza mwenyewe. Nikakaa nao miaka.

Panya hawakungoja miaka. Mahindi yalipoingia tu, nao wakaingia. Walianza na pembe za magunia, wakahamia kwenye kitenge cha harusi cha mama yako, kisha wakala daftari lako la baiolojia kuanzia mwanzo mpaka kwenye mfumo wa damu. Ulinionyesha ukasema, "Baba, hawa mtihani watanishinda." Mama yako yeye alikuwa akinisema kwa sauti ya kusikiwa na majirani, "Gwe, wewe baba Atu, hao panya wako wanakula kuliko wageni, na wageni angalau wanaaga."

Nilijaribu kila kitu. Mitego ilinasa kidole changu kabla ya panya. Paka uliyempenda, yule niliyemleta kutoka Ruaha Mbuyuni ndani ya kapu la vitunguu, alilala juu ya magunia mchana kutwa na panya wakampita. Sumu mama yako alikataa, alisema Tumpe anaokota kila kitu na kutia mdomoni, na alikuwa sahihi. Basi nikaamua kuziba.

Nisikudanganye, sijawahi kufanya kazi nikaipenda kama ile. Nilichukua mpira wa tairi la lori, nikaukata vipande virefu, nikaubana chini ya mabawa yote mawili kwa ubapa wa chuma na bolti. Nikamwaga kizingiti cha saruji mpira uje ukae juu yake. Vijitundu vya kwenye kona nikavijaza nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, kwa sababu panya hawezi kuzitafuna, nikasiliba juu. Siku ya pili nikamwona mmoja mnene anateremka ukutani kutoka kwenye matofali ya matundu ya hewa kule juu. Nilikasirika kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Nikapanda ngazi na ndoo ya saruji.

Mama yako alikuwa anapita na beseni la nguo. Akasimama akatazama juu. "Sasa hewa itapita wapi?"

Nikamjibu nikiwa juu ya ngazi, bila kugeuka, "Mahindi hayapumui."

Alicheka. Mimi nilicheka. Meza yako ilikuwa chini ya ngazi, vitabu umevifunika gazeti visiingie saruji.

Nilipomaliza nilikuita. Njia ya kujua mlango umezibika ni kuingia ndani mchana, kufunga, na kutafuta mwanga. Penye mwanga pana panya. Tuliingia wawili, nikavuta mlango, na hatukuona chochote, hata vidole vyetu. Ukapiga makofi gizani ukasema, "Giza tupu, Baba!" Nilijiona mwanaume.

Ilikuwa Juni inaisha. Julai ikaja na baridi yake, ile ya manyunyu yasiyo mvua wala ukungu, ambayo ukitoka Mafinga unadhani umeiacha huko kumbe imepanda lori pamoja nawe. Jumamosi moja mama yako alikwenda mazoezi ya kwaya. Nilikuwa napita uani nikakuona mezani, taa umewasha, unapuliza vidole ndipo ugeuze ukurasa. Tumpe alikuwa amekaa chini ya meza amejifunika shuka lako anachora. Nikakuonea huruma. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hata leo sijui niiweke wapi moyoni, kwamba yote yalianza na huruma.

Jiko la mkaa lilikuwa uani. Nililiwasha. Wewe unajua tulivyolelewa sisi wa nyanda hizi, jiko la kuota moto lina adabu yake. Halivutwi ndani likiwa na moshi, moshi unaua, kila mtu anajua. Unalipepea nje mpaka mkaa uwe mwekundu wote na kuvaa majivu meupe, na hapo unasema limekolea. Jiko lililokolea halina moshi, na lisilo na moshi halina hatari. Mama yangu alisema hivyo, na bibi yangu. Lakini wao walilala kwenye nyumba za nyasi, hewa inapita kila mahali, na milango yao haikuwa na mpira wa tairi.

Nilingoja likolee vizuri. Nililipepea kwa kipande cha boksi, kwa uvumilivu kabisa. Nikalibeba kwa tambara, nikaliweka kati ya meza yako na magunia. Nikasema, "Limeshakolea, halina moshi. Kaeni humo, msifungue, baridi isiingie."

Ukasema, "Asante Baba."

Nikatoka na kuuvuta mlango mwenyewe kwa nje, nikausikia mpira ukikalia saruji. Sauti ile niliipenda, nilisimama kidogo kuisikia. Kisha nikaenda zangu kwa kinyozi. Unajua nilikwenda kufanya nini kwa kinyozi, Atu? Kichwa changu hakina nywele. Nilikwenda kuwasimulia wenzangu jinsi nilivyowashinda panya. Nilikuwa nimefika pale kwenye mpira wa tairi, naonyesha kwa mikono, aliponijia mama wa jirani anakimbia bila viatu.

Mama yako ndiye aliyewatoa. Alirudi mapema kwa sababu mwalimu wa kwaya aliumwa koo. Mpaka leo sithubutu kufikiri ingekuwaje mwalimu yule angekuwa mzima. Aliita hamkuitika. Mlango ulikataa, mpira uling'ang'ania, akaupiga teke mpaka bawa moja likaachia. Tumpe alikuwa ametapika na amelala chini. Wewe ulikuwa umeegemea meza, kichwa juu ya kitabu, mtu angedhani umesinzia. Mahindi yalikuwa salama. Hakuna hata gunia moja lililotafunwa.

Nilifika mnapakiwa kwenye bajaji. Hospitali waliwavalisha barakoa za hewa, nikawaona vifua vinapanda na kushuka, na daktari akatuita pembeni, mimi na mama yako. Alikuwa kijana mpole. Akasema mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na moshi wala harufu, mtu analegea, analala, haamki. Kisha akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya, "Nani aliingiza jiko ndani?"

Mama yako akanigeukia. Alikuwa bado na kitambaa cha kwaya kichwani. Alinitazama kama mtu anayeomba jibu lolote lile isipokuwa moja.

Nikasema, "Huyu mkubwa."

Basi. Maneno mawili. Nimeyatafutia udhuru kila namna. Nimejiambia niliogopa polisi, niliogopa mama yako, nilichanganyikiwa, nilipanga kusahihisha ukiamka. Huenda yote ni kweli. Lakini ulipoamka ukasema hukumbuki kitu tangu chai ya asubuhi, nami badala ya kusikitika, Atu, nilihisi nafuu. Baba mzima nimesimama kando ya kitanda cha mwanangu nafurahi kwamba kichwa chake kimepoteza siku.

Ndipo mama yako aliposema, akilia, "Ungemuua mdogo wako, Atu." Nawe ukajibu, "Nisamehe Mama." Ukageuka upande wa kitanda cha Tumpe, mdogo wako amelala hasikii, ukamwomba na yeye msamaha. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya maji. Niliendelea kuishika.

Nimesimama kidogo hapo. Umepita mlangoni na kapu la nguo ukaniuliza, "Baba, unaandika nini?" Nikakuambia hesabu za magunia. Unaona? Hata leo. Uongo kwangu unakuja wenyewe, kama kupiga chafya.

Naendelea. Tumpe naye alipoamka alikumbuka kuchora tu, na kwa umri wake hakuna aliyemuuliza zaidi. Wiki ile ile ulipotoka hospitali nilipanda ngazi nikabomoa saruji ya matundu ya juu, nikaweka wavu wa chuma. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Ningekuwa na akili ningefanya hivyo tangu mwanzo, maana panya hapiti kwenye wavu na hewa inapita. Kazi hiyo haikunichukua hata saa nzima.

Kisha likaja lile swali lako. Ulikuwa kidato cha tatu, tunapukuchua mahindi hapa hapa, wawili tu. Ukasema umekuwa ukikumbuka kipande cha ile siku. Si picha, sauti tu. "Kuna mtu anasema limeshakolea, halina moshi. Baba, ni mimi niliyesema? Nililibeba mimi?"

Ulikuwa unaniuliza kweli. Hukuwa unanitega. Ulinitazama na mahindi mkononi ukingoja, na mimi nilikuwa na nafasi nzuri kuliko yoyote ambayo mtu atawahi kupewa. Nikasema, "Ndiyo. Labda ulikuwa unamwambia Tumpe asiogope."

Ukaitikia kwa kichwa. Ukaendelea kupukuchua. Ndani ya kichwa chako ulikuwa umebaki na sauti yangu, ushahidi pekee ulioupata, nami nikakunyang'anya nikakuambia ni yako.

Tangu hapo nimeangalia jinsi unavyoishi na kitu kisicho chako. Unakwepa kukaa na Tumpe jikoni. Mama yako hajakuachia jiko tena, kila mgeni anasikia "moto msimwachie Atu," nawe unacheka pamoja nao. Ukifunga mlango wowote unarudi kuufungua kidogo. Nimekuona. Na mimi kwa aibu nikawa mpole kwako kupita kiasi, nikakununulia sweta zile nzito, nikakutetea mama yako akikusema. Siku moja nikakusikia unamwambia rafiki yako, "Baba hajawahi kunigombeza kwa lile jambo, hata siku moja. Baba yangu ana moyo." Nilikuwa nyuma ya dirisha. Nikaondoka taratibu, nikaenda kukaa kwa kinyozi bila kusema na mtu.

Lakini lililonivunja ni la mwaka huu. Tangu mdogo ulitaka uuguzi. Ulifunga bendeji hadi miguu ya meza. Matokeo yakaja mazuri, baiolojia umewapita wote licha ya panya, na ukaomba kusomea ugavi. Mama yako akashangaa, akakuuliza. Mlikuwa jikoni, mimi navua viatu barazani. Ukamjibu, "Mama, mimi nani ataniachia mgonjwa?" Ukasema kama utani. Mama yako hakukupinga, kwa sababu naye aliamini hivyo hivyo.

Sijui kama chuo kinakubali mtu abadili sasa, na sikuombi ubadili. Huenda ugavi umeupenda kweli. Ninachotaka ni kwamba ukichagua, uchague ukijua. Mtu aliyewafungia ndani na moto si wewe. Wewe ulisema asante, ukafungua kitabu. Ukiachiwa wagonjwa wa hospitali nzima watakuwa kwenye mikono salama kuliko mahindi yalivyokuwa kwenye mikono yangu.

Unaweza ukanichukia. Nimelifikiria hilo na linaniogopesha, lakini halinipi haki ya kunyamaza tena. Nimejizuia kuomba msamaha tangu mstari wa kwanza kwa sababu naona ni kama kukutwisha mzigo mwingine wakati una mabegi. Ila naomba. Nisamehe, mwanangu, ukiweza, na kwa muda wako.

Kuhusu mlango wa Uyole, nimekutengenezea ubao wenye mpira chini, uko nyuma ya meza yako umefungwa kwa kamba. Utaukaza kwa skrubu kwa ndani, binamu yako, mtoto wa shangazi, anajua. Nimeweka na kipande cha wavu. Juu ya dirisha lako kuna matundu, nimeyaona. Yavalishe wavu, usiyazibe. Yule mama akikuambia uyazibe kwa ajili ya baridi, kataa, mwambie baba yako ni Mhehe mbishi na ndivyo alivyoagiza. Mbeya kuna baridi kuliko huku, na wenzako watakuja na jiko lao wakwambie limekolea. Utajua la kuwaambia.

Hapa ndipo nilipotaka kutia sahihi.

Ila nimetoka kidogo, Atu, na nimerudi, na mambo yamebadilika. Nilikwenda jikoni kumwomba mama yako bahasha. Akaniuliza ya nini, na kwa mara ya kwanza sikuwa na uongo karibu. Nikamwambia. Nilimwambia nimesimama, yeye anakata sukumawiki. Yote, tangu jiko mpaka daktari mpaka lile swali lako wakati wa kupukuchua.

Aliendelea kukata mpaka majani yakaisha, kisha akawa anakata ubao mtupu. Akaweka kisu. Nilitegemea anipige, na ningekubali. Akasema kwa sauti ndogo, "Miaka yote hii nimemnyima mwanangu jiko langu."

Nikataka kumshika bega, akajitoa. Akaitazama barua mkononi mwangu.

"Na hiyo unaipeleka wapi?"

"Kwenye begi lake. Aisome njiani."

"Gwe baba Atu." Sijawahi kumsikia akiniita hivyo bila utani ndani yake. "Ulimwachia mtoto abebe uongo wako. Sasa unataka basi liseme ukweli wako? Atalilia nani humo ndani, konda?"

Nimerudi hapa kwenye gunia langu kumaliza ukurasa kwa sababu sijui mikono yangu niifanyie nini.

Sasa hivi nimemsikia akitoka uani. Amekuita. "Atu! Njoo uniwashie jiko."

Wewe umeuliza, "Mimi, Mama?"

"Wewe. Kwani nina Atu wangapi? Kibiriti hiki hapa. Na Tumpe kaa hapo hapo na dada yako, usiende popote."

Umekawia. Nimesikia njiti ya kwanza imevunjika, na ya pili. Ya tatu imeshika. Moshi umeanza kuingia humu kupitia mlango ulio wazi, na Tumpe anakohoa akicheka, anakufundisha kupepea, mtoto wa darasa la nne anakufundisha wewe. Mama yako najua analia, kwa jinsi anavyogongagonga vyombo.

Barua hii hutaisomea Igawa. Nitaileta mkononi, ukiitaka utaichukua, lakini nitakuwa nimeshasema kwa mdomo kabla hujaifungua.

Moshi umepungua. Jiko lako linakaribia kukolea, na mimi nakuja hapo nje. Niulize tena, mwanangu, ile sauti ilikuwa ya nani.

Baba yako